Panki iko wapi ndani ya Ok-Oyot System?

Mchezee mtu wa Kondele, Kisumu, albamu ya Ok-Oyot System bila kumwonyesha jalada. Haitapita dakika kabla hajakuambia kwamba hiyo ni benga, muziki wa magitaa wa Kenya, tena ya Kijaluo, ingawa atainua kichwa kidogo sauti itakapogeukia Kiingereza cha Marekani. Kisha mchezee kijana wa Nakuru anayeshinda na roki masikioni, umwambie kwamba nusu ya bendi hii imetokea kwenye panki, ile roki ya mbio na kelele, ya Washington. Atakuuliza: panki gani hii isiyo na kelele?

Wote wawili wana hoja, na hapo ndipo mambo yanapochanganyika. Extra Golden, bendi ya Wakenya na Wamarekani, walitoa albamu hiyo mwaka 2006 kupitia Thrill Jockey, lebo huru ya Chicago, na tangu wakati huo imekuwa ikielezwa kwa sentensi moja tu: benga imekutana na roki. Ni kweli, kama ilivyo kweli kwamba ugali ni maji yaliyokutana na unga. Anayetaka kupika bado hajasaidiwa. Kipi kimetoka wapi, na nani amemfuata nani? Nionavyo mimi, wengi wanaitafuta panki mahali isipokuwapo. Wanaitafuta kwenye mlio wa magitaa, na kwenye mlio wa magitaa mwenye nyumba ni benga. Panki iko kwenye namna kazi ilivyofanywa, na kwa kiasi fulani iko kwenye besi. Nitafika huko.

Tuanze na watu wenyewe. Ian Eagleson na Alex Minoff walikuwa pamoja katika bendi ya Kimarekani iliyoitwa Golden. Mpiga dramu wao, Jon Theodore, baadaye alipata jina kubwa na The Mars Volta, na mwenzao mwingine, Phil Manley, ni wa Trans Am. Minoff alipiga pia na Weird War, bendi ya Ian Svenonius, na huyo Svenonius ndiye aliyeimba na Nation of Ulysses, moja ya bendi za Dischord, lebo ya panki ya Washington. Ukishamtajia mpenzi wa panki jina Dischord, amejua mko mtaa gani. Eagleson kwa upande wake alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wesleyan akiichunguza benga, na uchunguzi huo ndio uliomleta Kenya. Akafahamiana na Otieno Jagwasi, mwimbaji na mpiga gitaa wa Orchestra Extra Solar Africa, na mpiga dramu Onyango Wuod Omari. Mwaka 2004 Minoff akaja Nairobi kumtembelea mwenzake, wakakaa wote wanne, wakarekodi. Jina la bendi likapatikana kwa kuunganisha Extra Solar Africa na Golden. Otieno alifariki mwaka 2005, kabla albamu haijatoka.

Kwa hiyo tunazungumzia bendi ambayo wawili kati ya wanne wake walikuwa Wajaluo waliokwisha kuiva katika fani, na wawili walikuwa Wamarekani wanaojifunza kwao. Ukilishika hilo, maswali mengi yanapungua.

Kelele zilipopungua

Panki ya katikati ya miaka ya 1970 iliwaambia vijana kwamba kodi tatu za gitaa, yaani noti zinazolizwa kwa pamoja, zinatosha. Mwaka 1977 kijarida kimoja cha Uingereza kilizichora hizo kodi, moja baada ya nyingine, kisha kikamwambia msomaji aende akaunde bendi. Mwezi wa Januari mwaka huo huo, Buzzcocks wa Manchester, waliokuwa wamekopa kama pauni 500 kwa jamaa na marafiki na kurekodi nyimbo nne mwishoni mwa mwaka 1976, walizitoa wenyewe kwa lebo waliyoibuni, New Hormones. Walitengeneza nakala 1,000 kwanza, zikaisha. Nyuma ya jalada waliandika kila wimbo ulipatikana kwa jaribio la ngapi, ili mnunuzi aone kwamba hakuna uchawi wowote uliofanyika humo studio.

Washington iliichukua hatua hiyo ikaifanya kanuni. Mwaka 1980 Ian MacKaye na Jeff Nelson walianzisha Dischord ili kutoa santuri ya bendi yao, Teen Idles, ambayo kufikia wakati santuri inatoka ilikuwa imeshavunjika. Bendi hazikusainishwa mikataba, faida waligawana. Fugazi, bendi ya MacKaye iliyoanza mwaka 1987, ilishikilia kwamba kiingilio kiwe karibu dola 5 na watoto wa shule wasifungiwe mlango.

Sasa angalia kilichotokea kwenye muziki wenyewe. Panki ya mwanzo ya mji ule ilikuwa ya mbio, wimbo wa dakika moja na nusu na kwaheri. Lakini Bad Brains, vijana weusi wa mji huo huo, tangu mapema waliweka rege katikati ya zile mbio. Kufikia miaka ya 1990 bendi za Washington zilikuwa zinasikiliza fanki na dabu ya Jamaika, ile rege iliyopunguzwa mpaka besi na dramu zikabaki mbele, gitaa limeacha kuchapwa nyuzi zote kwa pamoja, besi imepewa nafasi ya kuzungumza. Mwendo ulipungua na kelele zikapungua, ila ile tabia ya kujitegemea ikabaki pale pale. Mtu aliyelelewa katika muziki huo anaweza kupiga kitu chochote, hata benga, bado akajiona yuko nyumbani.

Ndiyo maana kijana wetu wa Nakuru anakosea anaposubiri gitaa lililochafuliwa mlio. Ok-Oyot System ina nyimbo sita tu, nyingi ni ndefu, na hakuna hata mmoja unaokimbia. Ilirekodiwa kwa vifaa vya kubebeka, na ukisikiliza kwa makini unakisikia chumba chenyewe: dramu iko mbali kidogo, sauti ya mwimbaji haikusafishwa sana. Lebo kubwa ingeomba irudiwe. Lebo huru iliichukua ilivyo, na hapo ndipo mkono wa panki unapoonekana.

River Road haikungoja London

Lakini hebu tusiwape watu wa Manchester sifa zote. Miaka ile ile ambayo vijana wa Uingereza walikuwa wanagundua kwamba mtu anaweza kutoa santuri bila kampuni kubwa, wanamuziki wa Nyanza walikuwa wameshazoea. Katika miaka ya 1970 benga iliuzwa kwa santuri ndogo za mizunguko 45, nyingi zikitolewa na wafanyabiashara waliokuwa na duka, lebo na mkoba wa pesa, wengi wao Nairobi pale River Road na wengine huku Kisumu. Maarufu kuliko wote ni Phares Oluoch Kanindo, ambaye baadaye aliingia Bunge. Santuri zake zilisafiri hadi kusini mwa Afrika, na Zimbabwe watu wakaanza kuuita muziki wenyewe kanindo. Lebo yake mojawapo iliitwa Sungura, jina ambalo leo Wazimbabwe wanalitumia kwa muziki wao wa magitaa, sungura.

Tofauti ipo, na si ndogo. Kwa Dischord, kujitegemea ulikuwa msimamo. Kwa benga ilikuwa hali ya maisha. Mwanamuziki mara nyingi aliuza wimbo kwa malipo ya mara moja, akapanda basi kurudi nyumbani, na wimbo ukaendelea kumtajirisha mwingine. Kanda za kuiga zilipoenea mitaani katika miaka ya 1980, hata hicho kidogo kikapotea. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema benga ilikuwa panki kabla ya panki, nakubali nusu. Uharaka wa kurekodi ulikuwepo, udogo wa lebo pia ulikuwepo. Mgao wa faida haukuwepo.

Tena hiyo santuri ndogo iliacha alama kwenye umbo la nyimbo. Upande mmoja ulibeba dakika chache tu, kwa hiyo wimbo ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza ina maneno, unageuza, sehemu ya pili magitaa yanaachiwa yafanye kazi. Benga ilikwisha kuwa na mwelekeo huo, wa kuimba kwanza kisha kuchemka, na santuri ikaupigia mhuri. Katika Ok-Oyot System hakuna haja ya kugeuza chochote, lakini nyimbo bado zinatembea hivyo. Mwimbaji anamaliza kisa chake, dramu inakaza, gitaa la solo linachukua kifungu kifupi na kukirudia, kukirudia, likibadilisha noti moja tu pembeni. Wamarekani hawakulazimika kujifunza subira hiyo kutoka sifuri. Bendi za kwao nazo zilikuwa zimeanza kukaa juu ya kifungu kimoja kwa dakika nyingi.

Nyatiti, gitaa, besi

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo maelezo mengi yanapita mbio.

Nyatiti ina nyuzi nane. Zamani zilikuwa za kano za ng'ombe, siku hizi mara nyingi ni nailoni ile ile ya kuvulia samaki. Mpigaji anakaa kwenye kigoda kifupi, ala imelala karibu na ardhi mbele yake, mikono yote miwili inadonoa. Kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia amevaa pete ya chuma, oduong'o, anayoigonga kwenye ala yenyewe. Mguuni amefunga gara, njuga zinazolia kila mguu unapotikisika. Kaa karibu naye utagundua kwamba masikio yako yanamgawa mtu huyo mmoja vipande vitatu: kuna nyuzi zinazozunguka, kuna mgongo wa chuma usiokoma, kuna mchakacho wa njuga unaojaza mianya. Juu ya vyote anaimba.

Benga ilichukua kazi za mtu huyo mmoja ikazigawia bendi nzima. Mchakato huo ulipitia mikono mingi tangu miaka ya 1950 na 1960: John Ogara, ambaye wengi humtaja kuwa ndiye aliyeipa benga jina lake, George Ramogi, na Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kufia Kisumu kwenye ajali ya barabarani mwezi wa Mei 2006. Magitaa ya Kikongo yalichangia pia. Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo walisikika sana Kenya mwishoni mwa miaka ya 1950, na namna yao ya kudonoa kwa kidole gumba na cha shahada iliwakuta Wajaluo waliokwisha kulelewa na nyatiti. Ndiyo maana benga haikuwa rumba. Nyuzi za juu za nyatiti ukizisikia kwenye gitaa la solo, na za chini kwenye ridhimu na besi, kilichobaki ni kuisikia ile pete ya chuma kwenye ngoma kubwa ya dramu, inayopigwa kila pigo bila kupumzika. Hivyo ndivyo ninavyoisikia mimi, na sioni njia bora ya kuieleza.

Sasa besi. Katika roki ya kawaida besi inakaa chini ya gitaa na kulifuata. Katika benga besi iko mbele, ina sauti kubwa, na inasema kwa vipande: inatamka noti tatu nne, inanyamaza, inatamka tena mahali ambapo hukutarajia. Ukizima gitaa la solo la Victoria Kings, bendi ya benga, kichwani mwako, utabaki na besi inayoweza kuubeba wimbo peke yake. Na hii ndiyo sehemu ambapo Washington na Nyanza walikuwa wamekaribiana bila kujuana. Fugazi walijenga nyimbo zao juu ya besi ya Joe Lally, iliyosoma dabu vizuri, kisha magitaa mawili yakagawana kazi juu yake, moja likikata na jingine likijibu. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Dabu na benga zote zimejengwa juu ya besi inayojua kunyamaza, na mtu aliyefundishwa na moja akiikuta nyingine anaitambua.

Kinachobaki kigumu kwa mgeni ni magitaa yenyewe kuingiliana. Mpiga panki amezoea kuchapa nyuzi zote sita. Mpiga benga anadonoa mstari mmoja mwembamba, na maana ya mstari huo haionekani mpaka usikie wa mwenzake, kwa sababu kila mmoja anajaza pale mwingine alipoacha. Akijisahau akaongeza noti mbili za maringo, anamkanyaga jirani. Kwenye albamu hii Eagleson na Minoff wanajizuia, na kwangu hilo ndilo jambo la kusifiwa zaidi. Wanapojiachia, kwenye nyimbo za Kiingereza, mlio unanenepa na kuelekea roki ya miaka ya 1970 zaidi ya panki yoyote. Hizo ndizo sehemu dhaifu za albamu. Si mbaya, ila baada ya sauti ya Otieno zinaonekana kama mtu aliyevua viatu akaamua kuvivaa tena.

Sifa zinazolipiwa

Kuna athari nyingine ambayo wasikilizaji wa nje hawaioni kabisa, kwa sababu haiko kwenye ala. Ukienda kwenye ohangla, ngoma ya Kijaluo, au benga ya usiku huku kwetu, utafika wakati mtu anainuka na noti ya pesa mkononi, muziki unasimama, anaanza kujisifu: yeye ni mtoto wa nani, mpenzi wake ni mzuri kiasi gani, rafiki zake wako wapi. Umati unamjibu, anatoa pesa, muziki unarudi kwa nguvu zaidi. Hiyo ni pakruok. Hata nje ya kipindi hicho, mwanamuziki wa benga hutaja majina katikati ya wimbo, na kila jina lina sababu yake: mtu alisaidia nauli, mwingine alinunua amplifaya, mwingine ni shemeji.

Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini albamu yao ya pili, Hera Ma Nono ya mwaka 2007, ina wimbo wa kumsifu Barack Obama. Wasikilizaji wengi waliuchukulia kuwa wa siasa, hasa alipogombea urais. Chanzo chake ni kwamba mwaka 2006 bendi ilialikwa kwenye tamasha la muziki Chicago, wanamuziki Wakenya wakakwama kwenye viza, na ofisi ya Obama, wakati huo seneta wa Illinois, ikawasaidia kuzipata. Katika benga mtu aliyekufungulia mlango anatajwa. Angekuwa mwenye gari la kukodi wa Ahero, naye angetajwa. Opiyo Bilongo, aliyejiunga na bendi baada ya Otieno, alitoka katika desturi hiyo hiyo.

Panki haina kitu kama hiki. Mwanamuziki wa panki anayemwimbia mwanasiasa wimbo wa shukrani atafukuzwa mtaani kwao. Benga nayo ina upande wake mkali, ila huupitishia kwenye mafumbo: Misiani aliimba visa vya wanyama ambavyo kila mtu alijua ni vya wakubwa, na zaidi ya mara moja vilimtia matatani na serikali. Kwa hiyo ndani ya Extra Golden kuna tabia mbili zisizopatana kirahisi, ile ya kutomnyenyekea mtu na ile ya kumtaja mfadhili. Nadhani ushindi wa tabia ya pili ndio unaoonyesha vizuri nani alikuwa mwalimu. Hata jina la albamu ya tatu, Thank You Very Quickly ya mwaka 2009, ni shukrani: baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mashabiki walichanga pesa kuzisaidia familia za wanamuziki huku Kenya.

Barabara iliyokwisha kukanyagwa

Extra Golden si wa kwanza kuunganisha magharibi mwa Kenya na watu wa panki. Lebo ya Chiswick ya London, iliyoanza mwaka 1975 na kutoa wimbo wa 101'ers, bendi ya Joe Strummer kabla ya The Clash, ilizaa kampuni ya Ace, na chini ya Ace kukaanzishwa GlobeStyle mwaka 1985. Mmoja wa waanzilishi wake ni Ben Mandelson, aliyewahi kupiga gitaa na Magazine, bendi ya Howard Devoto, yule aliyeimba kwenye ile santuri ya kwanza ya Buzzcocks. Kupitia GlobeStyle ndipo dunia ilipopata rekodi za Abana ba Nasery, watu wa Bunyore: Shem Tube na Justo Osala kwenye magitaa, Enos Okola akigonga na kukwaruza chupa ya Fanta, ile yenye mikunjo. Mwaka 1992 lebo ikatoa albamu yao iliyorekodiwa London, Mandelson akiwa mtayarishaji.

Pale, hata hivyo, watu wa panki walikuwa watoaji na watayarishaji. Kwa Extra Golden walikaa ndani ya bendi, wakashika mstari wao mwembamba wakausubiri wa mwenzao. Hiyo ni kazi ngumu zaidi.

Anayetaka kuisikiliza kwa faida asianze na gitaa la solo, litamvuta tu. Aupige wimbo wa kwanza kwenye spika yenye besi ya kweli, si simu, aifuate besi mpaka aweze kuiimba. Kisha aurudie akifuata ngoma kubwa peke yake. Mara ya tatu ndipo ayape magitaa nafasi, na atayasikia yakiachiana zamu. Baada ya hapo atafute santuri za Victoria Kings, zile walizopiga Ochieng Nelly na Collela Mazee, aone ni mangapi Otieno na Onyango walikuja nayo yakiwa tayari. Kwa historia iliyopangwa vizuri, Ketebul Music ya Nairobi mwaka 2008 ilitoa kazi yao juu ya safari ya benga, yenye kitabu na muziki pamoja, na mtu aliyeipitia hiyo hatashangaa tena kwa nini mtu wa Kondele alitambua kabla dakika haijaisha.